Toba ya Hadharani: Desturi Iliyozaliwa Gahini

Katika makanisa mengi ya Afrika Mashariki, kuanzia Kigezi hadi Murang'a na kutoka Bukoba hadi Dodoma, ipo desturi ambayo wageni huistaajabia na wenyeji wameizoea kiasi cha kutoiuliza maswali. Ndugu wa ushirika wanakaa pamoja, mmoja anasimama, anataja kosa lake bila kulizungusha, anashuhudia kwamba damu ya Yesu imemsafisha, na wenzake wanampokea kwa kuimba Tukutendereza Yesu, wimbo wa Kiganda wa kumsifu Yesu. Hakuna padri wa kumsikiliza faraghani wala baraza la kumhukumu. Wanaoandika juu ya Uamsho wa Afrika Mashariki huitaja desturi hii pamoja na nyimbo, ndoto na makongamano, kana kwamba ni jambo moja kati ya mengi. Kwa maoni yangu ndiyo iliyokuwa kiini. Uamsho ulipata nguvu pale watu wenye heshima ya kupoteza walipokubali kuonekana wameshindwa, na uliishiwa nguvu kila mara udhaifu uliotajwa ulipokuwa wa mtu mwingine, au ulipokuwa mdogo kiasi cha kutomgharimu msemaji chochote.

Chanzo chenyewe kilikuwa kushindwa. Gahini iko mashariki mwa Rwanda, kando ya Ziwa Muhazi, na misheni yake ya Kianglikana ilikuwa bado changa Joe Church, daktari kijana wa Kiingereza aliyesomea Cambridge, alipofika mwaka 1928. Mara ikaingia njaa ambayo Wanyarwanda waliiita Rwakayihura. Watu walikufa njiani, wengine wakavuka mpaka kuingia Uganda, na hospitali ikaelemewa na wenye njaa kabla haijasimama vizuri. Wasaidizi Waafrika, wengine wao kutoka Uganda, walichoka na kukata tamaa. Septemba 1929 Church alikwenda Kampala kupumzika akiwa hana tena la kutoa. Huko kwenye kilima cha Namirembe alikutana na Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa amefanya kazi ya afya serikalini, wakakaa na Biblia zao wakifuatilia, andiko kwa andiko, mafundisho juu ya Roho Mtakatifu. Hawakuondoka na mpango mpya wa misheni wala ahadi ya fedha. Waliondoka wakikubaliana kwamba walikuwa wakimtumikia Mungu kwa nguvu zao wenyewe, na nguvu hizo zilikuwa zimekwisha.

Kwa mwaka 1929 jambo hilo lilikuwa zito kuliko linavyosikika leo. Mzungu wa misheni alikuwa mwalimu, tabibu na mwajiri kwa wakati mmoja, na neno lake ndilo lililomfungulia au kumfungia Mwafrika mlango wa kazi. Kumwambia Mwafrika kwamba amekwama, kisha kupokea kutoka kwake msaada wa kiroho, kulipindua mpangilio mzima. Church alilelewa katika mafundisho ya Keswick, mikutano iliyoanza Uingereza mwaka 1875, iliyofundisha kwamba Mkristo huishinda dhambi kwa kujisalimisha kwa Kristo na kuacha kujikaza. Nyuma ya Keswick yuko Mtume Paulo, anayewaeleza Wakorintho habari za mwiba alioomba mara 3 uondolewe na usiondolewe, hata akajifunza kuishi kwa neema mahali uwezo wake ulipokoma. Lakini kule Keswick mtu aliweza kujisalimisha kimyakimya moyoni mwake, kisha akapanda treni kurudi nyumbani. Gahini iliongeza mambo mawili ambayo hayakuwa katika mpango wa Waingereza: kusema mbele ya watu, na kurudisha vya watu.

Yosiya Kinuka, aliyewaongoza wasaidizi wa hospitali, alimwendea Nsibambi akiwa na malalamiko mengi juu ya hali ya Gahini. Inasimuliwa kwamba Nsibambi alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia kuwa ubaya wa hospitali ile ulianzia moyoni mwake yeye Kinuka. Lilikuwa neno kali, na lingeweza kuwa la kumwonea. Kinuka alilipokea, akarudi kazini kuwatengenezea aliowakosea. Mwishoni mwa 1933, katika kongamano la Krismasi lililokuwa limepoa, watu wakingoja tu kufungwa kwa sala, Mkristo mmoja Mwafrika alisimama akaanza kuungama dhambi zake. Akafuata mwingine, na mwingine tena, kwa zaidi ya saa mbili. Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi na mwalimu pale Gahini, aliubeba ujumbe huo hadi Uganda. Alifariki Januari 1936, wakati alipokuwa amejiandaa kuieleza sinodi ya Kanisa la Uganda jinsi Kanisa lilivyopoa, na wito wake wa Kiganda, Zukuka, yaani amka, ukawa wa Kanisa zima katika mwaka wa jubilei uliofuata.

Machozi peke yake hayathibitishi kitu, kwa hiyo inafaa kutazama kwa karibu kilichotendeka baada ya machozi. Kumbukumbu za wamisionari na za ndugu wenyewe zimejaa habari za ng'ombe waliorudishwa kwa wenyewe, fedha zilizolipwa kwa waajiri, na vitu vya misheni vilivyorudishwa na mikono ileile iliyovichukua. Mwalimu au msaidizi wa hospitali wa wakati ule aliishi kwa jina lake jema. Kumwendea anayekulipa mshahara na kusema, mimi ndiye niliyeiba, kulikuwa ni kuuweka mshahara huo rehani. Ndiyo maana majirani waliamini. Walimjua mtu huyo, walijua alichonacho, na walimwona akiachilia kitu ambacho hakuna aliyekuwa na uwezo wa kumnyang'anya. Festo Kivengere, aliyekuwa mwalimu kijana huko Kigezi alipookoka, na ambaye baadaye alikuwa askofu, alisimulia jinsi alivyopanda baiskeli akaenda maili 50 kumwomba radhi Mzungu aliyemchukia. Mtu anaweza kuuliza, na kwa haki, kama si Mzungu yule aliyepaswa kuja kwake. Kivengere hakumngoja. Na katika mikutano hiyohiyo wamisionari nao walisimama kuungama kiburi cha rangi mbele ya Waafrika, jambo ambalo hakuna ofisi ya kikoloni iliyowahi kulifanya.

Pingamizi la kwanza lilitolewa mapema, tena na Wakristo wenyewe: kwamba kuungama hadharani kunavunja nyumba za watu. Mwanahistoria Derek Peterson ameonyesha jinsi wazee wa jamii nyingi za eneo hili walivyowaona walokole, yaani watu wa Uamsho waliookoka, kama wachafuzi wa heshima, watu wanaoanika mbele ya umati mambo ambayo adabu iliyaficha ili ndoa na undugu vidumu. Pingamizi hili lina ukweli. Mtu akiungama uzinzi kwa kumtaja aliyezini naye, ameungama dhambi mbili na mojawapo si yake. Mwaka 1941 Chuo cha Bishop Tucker kilichokuwa Mukono kiliwafukuza wanafunzi 26, akiwamo William Nagenda, kwa sababu ya sala zao za alfajiri na mahubiri yao dhidi ya dhambi walizoziona chuoni. Uongozi wa chuo ulitumia mkono mzito, na Kanisa lilipoteza mengi: Nagenda, mmoja wa wahubiri wakubwa ambao Uganda imepata kuwa nao, hakupadrishwa kamwe. Hata hivyo nadhani vijana wale nao walikuwa wamevuka mpaka. Gahini ilianza na watu waliosema, mimi nimeshindwa. Mukono ilianza kusikika sauti inayosema, ninyi mmeshindwa. Maneno yanafanana, lakini ya pili hayamgharimu msemaji kitu, na nguvu iliyowageuza watu wa Gahini haikuonekana kuwageuza walimu wa Mukono.

Wengine watasema kwamba dini inayomfundisha mtu kujiona dhaifu inamwandaa kutawaliwa. Mahali pa kulipima neno hili ni nchi ya Wakikuyu huko Kenya baada ya hali ya hatari kutangazwa Oktoba 1952. Uamsho ulikuwa umefika huko tangu miaka ya 1930, na mmoja wa watu wake wa kwanza, Obadiah Kariuki, aliwekwa wakfu kuwa askofu mwaka 1955. Waliookoka walikataa kiapo cha Mau Mau wakisema hawawezi kunywa damu nyingine baada ya ile ya Kristo, na baadhi yao waliuawa. Wengi wao, na hili husahauliwa, walikataa pia kuchukua bunduki za serikali na kuingia katika ulinzi wa vijiji, wakaonekana wasaliti na pande zote mbili. Mtu aliyefundishwa kutii tu angechukua bunduki aliyopewa. Nakubali kwamba juu ya ardhi iliyoporwa, ambayo ndiyo iliyokuwa mzizi wa vita, sauti yao ilikuwa ndogo mno, na hilo ni deni. Nchini Uganda mambo yalikwenda mbele zaidi. Askofu Mkuu Janani Luwum, aliyeokoka mwaka 1948 katika Uamsho, aliongoza maaskofu wenzake kumwandikia Rais Idi Amin barua ya kulaani mauaji mnamo Februari 1977, na kabla mwezi haujaisha alikuwa ameuawa. Kivengere alikimbilia uhamishoni, akakuta chuki dhidi ya Amin imejaa moyoni mwake, akaiungama, kisha akaandika kitabu alichokipa jina la kumpenda Amin. Kitabu hicho hakikuacha kueleza maovu ya utawala ule.

Pingamizi zito kuliko yote linatoka Rwanda yenyewe. Nchi ilipozaliwa desturi ya toba ndiyo nchi ambako, kuanzia Aprili 1994, watu wapatao 800,000 au zaidi, wengi mno wakiwa Watutsi, waliuawa katika muda wa siku 100 hivi. Wengi waliuawa ndani ya makanisa walikokimbilia, na wapo viongozi wa Kanisa walioshiriki au walionyamaza. Jibu jepesi ni kusema Uamsho ulikuwa umezeeka na makanisa yamejaa watu wa jina tu. Kuna ukweli ndani yake, lakini halitoshi, na Mkristo anayelitumia kujifariji anakwepa swali. Swali ni dhambi zipi zilizokuwa zikitajwa katika ushirika miaka yote ile. Zilikuwa pombe, tumbaku, uzinzi, wizi mdogo, hasira ya mume kwa mke. Upendeleo wa kikabila shuleni, kazini na ndani ya Kanisa lenyewe, ambao serikali ya kikoloni na misheni zilikuwa zimeulea, haukupata nafasi ileile mbele ya ndugu. Orodha ya udhaifu wa kuungama ilikuwa imekauka ikawa ya kukariri, na mtu aliweza kuimaliza yote huku kosa kubwa la nchi halijaguswa. Wakati huohuo sehemu ya pili ya desturi, ile ya kurudisha, ilikuwa imesinyaa, hivyo ushuhuda ukabaki neno la mdomo. Lakini walikuwapo pia ndugu wa ushirika, Wahutu kwa Watutsi, waliofichana majumbani katika machafuko ya mwaka 1959 na tena 1994, wengine wakalipa kwa maisha yao. Hao hawalifuti pingamizi. Wanaonyesha tu kwamba mzizi wa Gahini haukuwa umekufa wote.

Ndiyo sababu naona mkutano mmoja mdogo wa baada ya mauaji unastahili nafasi katika historia ya desturi hii, ingawa ulifanyika mbali na Ziwa Muhazi. Desemba 1996, katika mji wa Detmold nchini Ujerumani, Wakristo Wanyarwanda wa Kihutu na wa Kitutsi pamoja na baadhi ya Wazungu walikutana kwa siku kadhaa, wakatoka na tamko la toba. Wahutu waliungama mauaji ya kimbari na mateso waliyotendewa Watutsi tangu 1959. Watutsi waliungama visasi na dharau za baadhi ya watu wao. Wazungu waliungama kupanda mgawanyiko tangu walipofika, na kunyamaza watu walipokuwa wakichinjwa. Tamko hilo lilipigwa kutoka pande zote. Wahutu wengine walisema linalibebesha kabila zima hatia ya waliotenda, na Watutsi wengine wakasema linaziweka hatia zisizolingana kwenye mizani moja. Yote mawili yana uzito, kwa sababu toba ya Gahini ilikuwa ya mtu kwa kosa lake mwenyewe, na hakuna aliyewatuma watu wa Detmold kuungama kwa niaba ya wengine. Kurudisha nako hakukuwamo katika uwezo wao: hakuna ng'ombe wala fedha ya kulipia kilichopotea. Lakini walitaja waziwazi kosa ambalo ushirika ulikuwa umelipita kimya kwa miaka 60, na katika tamko lile hakuna kundi lililoanza na dhambi za wenzake.