Basi la Umma Halifi kwa Siku Moja

Juzi mvua ilinyesha tao saa kumi na mbili jioni na unajua kilichofuata. Nauli ya 50 ikawa 150 hapo hapo. Mama mmoja mbele yangu alihesabu pesa mara mbili, akafunga kibeti, akaanza kutembea. Hakuna aliyeshangaa. Tumezoea, ati mvua ni mvua.

Lakini hii hali haikuletwa na mawingu. Ina historia.

Kenya Bus Service, ile wazazi wetu huita KBS, ilianza Nairobi mwaka 1934 chini ya kampuni ya Waingereza. Mwaka 1966 baraza la jiji likachukua asilimia 25 ya hisa, na KBS ikapewa haki ya kubeba abiria jijini peke yake. Tusidanganyane, haikuwa pepo. Jiji lilikua mbio, mitaa ya Eastlands ikajaa, mabasi hayakutosha. Matatu zikaingia kwa hilo pengo, na jina lenyewe lilitoka kwa nauli ya senti thelathini. Zilikuwa haramu hadi 1973, wakati Mzee Kenyatta aliziruhusu zibebe watu bila leseni maalum.

Hapa ndio wengi husoma vibaya. Matatu si adui. Zilifikisha watu kazini na zikaajiri vijana. Shida ni masharti. KBS ilikuwa na ratiba na ruti za kufuata, hata pale abiria ni wachache. Matatu ilichagua ruti tamu na saa tamu. Na KBS haikuwa ikipata ruzuku ya serikali kuziba hasara. Sasa hapo utashindanaje?

Mwaka 1986 serikali ya Moi ikaleta Nyayo Bus, ikiendeshwa na vijana wa NYS, nauli ikiwa nafuu. Mabasi mengine yalikuwa msaada kutoka nje. Wazo lilikuwa poa. Lakini basi la msaada pia huharibika, na likiharibika linataka vipuri na mtu asiyekula pesa ya vipuri. Kufikia katikati ya miaka ya 90, Nyayo ilikuwa imeanguka. KBS nayo ikanunuliwa na Stagecoach ya Scotland mwaka 1991, ikauzwa tena 1998. Gari moja likiegeshwa hapa, ruti moja ikikatwa pale. Ukiamka, mtaa hauna basi.

Kwani lazima iwe hivi? Cheki London. Oktoba 1981 baraza la jiji lilipunguza nauli kwa karibu theluthi moja, likilipia kwa kodi ya majengo. Bromley, mtaa wa pembeni, ukaenda kortini, na Desemba majaji wakuu wakasema mpango huo si halali. Machi 1982 nauli ikapanda karibu maradufu. Watu hawakunyamaza. Walifanya kampeni, wengine wakakataa kabisa kulipa nyongeza. Mwaka 1983 baraza likarudi na mpango uliopangwa vizuri kisheria, nauli ikashuka kwa asilimia 25.

Walishindwa kortini na bado wakarudi. Sisi hatujashindwa, hatujaanza tu.

Dar walizindua mabasi yao ya mwendokasi 2016. Yana shida zake, lakini yanatembea. Sisi mwaka 2018 tulipakwa laini nyekundu kwa Thika Road. Rangi tulipata.

Sasa sikiza, hii ndio sehemu muhimu. Katiba ya 2010 imeipa kaunti kazi ya usafiri wa umma barabarani. Si hisani, ni kazi yao. Na bajeti ya kaunti haiwezi kupita bila kuskiza wananchi. Vile vikao huwa vimejaa wazee na viti vitupu, na sisi tuko stegi tukilalamika. Nenda. Uliza swali moja tu: mwaka huu usafiri wa umma umetengewa pesa ngapi? Wakikujibu barabara, uliza tena. Barabara si basi. Yule mama alikuwa na barabara safi kabisa, yenye lami na taa, na bado alitembea nyumbani kwa mvua.