Nilizaliwa Russia

Februari 2022, usiku wa tarehe 21, balozi wetu katika Umoja wa Mataifa, Martin Kimani, alisimama New York akaikosoa Urusi kwa mfano wa mipaka tuliyoachiwa na wakoloni. Siku chache baadaye Ukraine ikavamiwa. Mimi nilikuwa nimeacha chuo, sina kazi, nina bando tu. Nikaibeba hotuba ile hadi base yetu pale Kondele, nikaanza kufundisha watu.

Fundi wa viatu, mzee wetu wa base, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Nyathina, wewe ulizaliwa wapi?"

"Russia," nikajibu bila kufikiria. Base nzima ikacheka.

Kisumu, Russia ni hospitali. Leo rasmi ina jina la Jaramogi Oginga Odinga, lakini mwambie mtu wa boda "nipeleke Russia," atawasha pikipiki tu. Ilijengwa kwa msaada wa Muungano wa Sovieti, enzi zile Jaramogi akiwa na marafiki Mashariki, naye Tom Mboya akisafirisha wanafunzi kwenda Marekani. Vita Baridi vilifika ziwani kama tiketi ya ndege na kitanda cha hospitali.

Vilifika pia na risasi. Rais Kenyatta alikuja kuifungua hospitali hiyo Oktoba 25, 1969. Mboya alikuwa ameuawa Julai. Wafuasi wa KPU, chama cha Jaramogi, walizomea, mawe yakarushwa, walinzi wakafyatua risasi. Serikali ilitaja vifo 11; wengi huku wanasema walikuwa zaidi. Ndani ya wiki moja KPU ilipigwa marufuku na Jaramogi akawa kizuizini.

Mzee alikuwa mtoto wa shule, kando ya barabara.

"Waliotujengea hawakutupiga," akasema. "Waliotupiga walikuwa wetu. Sasa wewe unaniletea hotuba ya serikali?"

Sikuwa na jibu. Huwa tunasema mwananchi wa kawaida haelewi mambo ya nje, ilhali mzee huyu amekuwa na msimamo kwa zaidi ya miaka 50, na sababu yake aliiona kwa macho.

Nikajaribu tena, polepole. "Mzee, huo Muungano, Ukraine pia ilikuwa ndani. Pengine hata wao walichangia hiyo hospitali."

Akaweka sindano chini.

"Hiyo hakuna mtu amewahi kuniambia."

Na mimi, mambo ya 1969, hakuna mwalimu aliyewahi kuniambia.