Ningu alinaswa mlangoni

Ukitaja samaki hapa Nyakarenzo, watu watawaza sambaza wa Kivu. Sawa, lakini sambaza naye ni mgeni: aliletwa kutoka Tanganyika kati ya 1958 na 1960. Leo tuongee juu ya mwenyeji aliyepungua nyumbani kwake, ningu wa Ziwa Victoria.

Usione ni mbali. Mvua ya upande wetu inashuka Rusizi na kuingia Tanganyika. Ikinyesha ng'ambo ya msitu wa Nyungwe, inafuata Nyabarongo, inakuwa Akagera, inaishia Victoria. Huko ningu anakulia ziwani, ila hazalii ziwani. Mvua kubwa zikianza na mito ikichafuka, anapanda kwa makundi: Akagera, Nzoia, Yala, Nyando, Sondu. Anataga kwenye majani yaliyofunikwa na mafuriko, kisha anarudi.

Watu wa mtoni walijua majira hayo. Kwenye Nzoia, nchini Kenya, Wajaluo walijenga kek, uzio wa miti wenye vikapu vya kunasia, wakangoja msimu.

Halafu 1905 nyavu za kutega zikaingia Ghuba ya Winam. Ngege ndiye aliyetafutwa zaidi, naye akaanza kupungua. Baada ya utafiti wa Michael Graham wa 1927-28, serikali zikaweka sheria mwaka 1933: jicho la wavu lisipungue inchi 5. Ilitungwa kwa kumfikiria ngege. Ningu ni mwembamba, jicho kama hilo anapita. Basi, Uganda na Tanganyika wakaifuta 1956, Kenya 1961. Nyavu za jicho dogo zikaongezeka, zikatandazwa mbele ya milango ya mito, zikawakamata ningu wamejaa mayai, kabla hawajapanda. Mwaka 1965 mtafiti D. A. Cadwalladr aliandika kwamba uvuvi wa ningu umeanguka, na mitego ya asili ya Nzoia nayo inafifia.

Siku hizi ukiuliza nani alimaliza samaki wa Victoria, jibu ni moja: sangara. Kumbe sangara alitawala ziwa miaka ya 1980. Ningu alikuwa ameshaanguka zamani, tena mlangoni kwake.

Na wa kwanza kukosa hakuwa mwenye wavu. Ni yule mama wa juu mtoni, anayesubiri msimu na vikapu vyake, mvua imekuja, samaki hawaji, wala hajui kilichofanyika kule chini. Waliofuta sheria walifikiria ziwa. Njia hawakuiangalia.

Hapa kwetu yuko kuyu, jamaa wa ningu, anayepanda mito kuzaa vilevile. Wataalamu walimwandika mara ya kwanza mwaka 1900, kwa samaki waliotoka Kivu na Rusizi. Mto huu tayari una mabwawa ya umeme, Rusizi I na Rusizi II, na Rusizi III inaandaliwa. Umeme tunauhitaji, hakuna ubishi. Lakini siku wakija kutueleza mradi, sisi wa kambini na nyinyi mnaofanya kazi nasi, tuwaulize mapema: samaki atapita wapi?