Beringi ya Gurudumu la Mbele na Pikapu ya Shule Yetu

Ndugu wanafunzi wa zamani, na ninyi vijana mnaokalia leo madawati tuliyoyakalia sisi.

Mhariri aliponiomba makala ya historia, bila shaka alitazamia niandike juu ya wafalme au vita. Nimeona heri niandike juu ya kitu ambacho kila mmoja wetu amesafiri juu yake bila kukiona, yaani beringi ya gurudumu la mbele, hasa ile ya pikapu kuukuu. Ninayo sababu yangu, na wale tuliokuwa pamoja mwaka 1978 wataikumbuka.

Mwaka ule shule ilikuwa na Land Rover moja tu ya pikapu, iliyokuwa imekwisha kuzeeka kabla sisi hatujaingia Kidato cha Kwanza. Ndiyo iliyoleta unga, maharage na chaki, na ndiyo iliyopeleka wagonjwa hospitali. Siku moja ilikuwa ikirudi kutoka mjini na magunia 12 ya unga. Kwenye mteremko, gurudumu la mbele la kulia lilianza kutoa moshi, likakwama, kisha ekseli fupi inayolibeba ikakatika. Gurudumu likaenda zake porini na gari likatumbukia mtaroni. Dereva wetu alivunjika mkono. Nasi tulikunywa uji mwepesi kwa muda wa wiki mbili. Taarifa iliyoandikwa ilisema kwamba dereva alikwenda mbio kupita kiasi, naye akakatwa mshahara.

Nitairudia pikapu hiyo. Kwanza hatuna budi kutazama beringi yenyewe ilitoka wapi.

Tatizo lenyewe ni la zamani kama gurudumu. Gurudumu huzunguka, lakini ekseli ya mbele inayolibeba haizunguki. Mahali vinapokutana pana msuguano, na msuguano huzaa joto na kula chuma. Kwa karne nyingi dawa ilikuwa ni kupaka mafuta ya mnyama na kubadili kilicholika. Mwaka 1794 Philip Vaughan, mfanyakazi wa biashara ya chuma huko Carmarthen, nchini Wales, alipata hataza ya kuweka gololi za chuma kati ya ekseli na gurudumu la gari la farasi. Aliona jambo ambalo kila aliyesogeza gogo zito juu ya miti ya duara analijua, kwamba kubingirisha ni rahisi kuliko kuburuta.

Lakini wazo zuri halitoshi pasipo ufundi wa kulitimiza. Gololi zilizotengenezwa kwa mkono hazikuwa sawa, na ile iliyozidi wenzake kidogo ilibeba mzigo wote na kupasuka. Baiskeli ndiyo iliyosukuma mambo mbele. Mwaka 1869 Jules Suriray, fundi wa baiskeli mjini Paris, alipata hataza ya beringi za gololi, na mwezi Novemba mwaka huo huo Mwingereza James Moore alishinda mashindano ya kutoka Paris hadi Rouen akiendesha baiskeli yenye beringi hizo. Mwaka 1883 Friedrich Fischer wa mji wa Schweinfurt, Ujerumani, alibuni mashine ya kusaga gololi za chuma zikawa duara barabara na za kipimo kimoja, tena kwa wingi. Hapo ndipo kiwanda cha beringi kilipozaliwa.

Gololi ilitosha kwa baiskeli. Kwa gari la mizigo ilikuwa na upungufu, kwa sababu gololi hugusa njia yake mahali padogo kama nukta. Rola, iliyo kama kipande cha bomba, hugusa kwa mstari mzima, na hivyo hubeba zaidi. Ila rola iliyonyooka nayo ina kasoro yake. Hubeba uzito unaotoka juu, lakini gari likikata kona mzigo husukuma kwa ubavu, na rola iliyonyooka haina la kufanya.

Aliyelitatua jambo hili kwa namna iliyodumu ni Henry Timken. Alizaliwa Ujerumani mwaka 1831, akahamia Marekani na wazazi wake angali mtoto, akawa mtengenezaji mashuhuri wa magari ya farasi mjini St. Louis, Missouri. Mwaka 1898 yeye na jamaa yake Reginald Heinzelman walipata hataza ya beringi ambayo rola zake zina umbo la koni iliyokatwa ncha. Mwaka uliofuata walianzisha kampuni, na baadaye kazi ikahamia Canton, Ohio.

Uzuri wa umbo hilo waweza kuupima jikoni. Chukua karoti uibingirishe juu ya meza. Haiendi moja kwa moja. Huzunguka upande wa ncha yake. Sasa fikiria rola nyingi za namna hiyo zimepangwa kuizunguka ekseli, na ncha zake zote, kama zingalikuwapo, zingekutana mahali pamoja katikati ya ekseli. Kila rola hubingirika katika njia inayoitaka yenyewe, bila kuburuzwa. Tena kwa kuwa imelala kwa mshazari, hubeba uzito wa juu na wa ubavu kwa pamoja. Weka beringi mbili katika habu moja, kubwa ndani na ndogo nje, zikielekeana, na gurudumu haliwezi kuyumba huku wala huku. Nati iliyo kwenye ncha ya ekseli ndiyo inayoziweka zote mahali pake.

Gari la Ford Model T, lililotengenezwa tangu 1908 hadi 1927, lilianza na gololi katika magurudumu ya mbele, na baadaye likapewa rola za koni. Mwaka 1925 Ford walianza kuuza Model T yenye karai la mizigo nyuma kutoka kiwandani. Pikapu za Chevrolet ziliendelea na gololi mbele hata katika miaka ya 1950. Land Rover, iliyotokea mwaka 1948, ilikuwa na rola za koni, mbili kwa kila gurudumu.

Umuhimu wa kitu hiki kidogo ulionekana wazi wakati wa Vita Kuu ya Pili. Tarehe 17 Agosti 1943, na tena tarehe 14 Oktoba, ndege za Marekani ziliushambulia mji ule ule wa Schweinfurt, kwa kuwa bila beringi hakuna ndege, kifaru wala lori. Katika shambulio la Oktoba peke yake Wamarekani walipoteza ndege 60.

Sasa tujiulize, beringi iliyobuniwa kwa akili namna hii hufaje? Wengi husema imezeeka. Mara nyingi si kweli. Mara nyingi imeuawa, na wauaji wake wanajulikana.

Wa kwanza ni mkono wa fundi. Nati ikilegea mno, gurudumu hucheza, rola hugongagonga kikombe chake mpaka kikaota makovu, na sili huanza kuvujisha grisi. Nati ikikazwa mno, ni hatari zaidi. Rola hubanwa, joto hupanda, grisi huyeyuka na kukimbia, wakati mwingine hadi kwenye breki, kisha chuma hukutana na chuma. Ukifungua utakuta rola zimegeuka rangi ya samawati, na hiyo ni alama ya moto. Kati ya kulegea na kukaza pana nafasi ndogo mno. Kwa Land Rover za wakati ule habu ilitakiwa icheze kiasi cha milimita 0.10 hadi 0.15 tu, unene wa karatasi moja au mbili hivi. Fundi mzuri hukaza nati huku akizungusha gurudumu ili rola zikae, kisha huilegeza, akapima, akaifunga isizunguke.

Wa pili ni maji. Dereva ameshuka mlima kwa breki, habu imepata moto, mara anaingia mtoni. Hewa iliyomo ndani ya habu hupoa ghafla na kunywea, nayo huvuta maji kupitia sili iliyochakaa. Gari hutoka mtoni salama, dereva akashukuru, kumbe kutu imekwisha kuanza. Grisi za zamani zilizotengenezwa kwa sodiamu zilikuwa zikiyeyuka katika maji. Nafuu ilipatikana mwaka 1942, Clarence Earle wa Marekani alipopata hataza ya grisi ya lithiamu, inayostahimili maji na joto. Hata hivyo grisi nzuri ikishikwa kwa mikono yenye mchanga ni sawa na msasa.

Wa tatu ni mzigo. Arvid Palmgren wa Sweden na wenzake walionyesha kwa hesabu kwamba beringi ina umri unaoweza kukadiriwa, na kwamba mzigo huukata umri huo kwa ukali kuliko tunavyodhani. Kwa beringi ya rola, ukiongeza mzigo unaoibana mara mbili, umri wake hushuka mpaka sehemu moja hivi ya kumi. Anayepakia pikapu mpaka chasisi ilie hajapata faida. Amekopa kwenye beringi.

Wa nne ni ubahili. Kuna wanaoweka rola mpya ndani ya kikombe cha zamani ili kuokoa fedha. Kikombe kilichokwisha kuota makovu huziharibu rola mpya kwa muda mfupi.

Barabara zetu ziliwapa wauaji hawa nafasi kubwa. Wazee watakumbuka mambo yaliyofuata tarehe 11 Novemba 1965, walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao na njia ya mafuta ya Zambia ikazibwa. Malori yaliyojaa mapipa yalipita kutoka Dar es Salaam kwenda Tunduma kwa barabara ambayo sehemu kubwa ilikuwa ya udongo, vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika, mpaka bomba la mafuta lilipokamilika mwaka 1968. Wenye magari waliiita Njia ya Jehanamu. Kila kilichokuwa na tundu kiliingia vumbi, na habu ya gurudumu la mbele ina tundu.

Watengenezaji wa magari nao walichoka kuutegemea mkono wa fundi. Katika miongo ya mwisho ya karne iliyopita walianza kutia katika pikapu nyingi habu zilizofungwa kiwandani, zenye grisi yake na kipimo chake tayari. Hizo hazikazwi kwa kukisia wala hazitiwi grisi. Hudumu sana, lakini zikifa huwezi kuzitengeneza. Unanunua nyingine nzima. Zile za zamani zinataka kuangaliwa, lakini zinakubali kutengenezwa. Ndiyo maana pikapu kuukuu bado zinatembea vijijini, na ndiyo maana bado zinaua zikisahauliwa.

Sasa nairudia pikapu yetu. Siku tatu kabla ya ajali, mwalimu wa ufundi alitupa kazi ya kutia grisi habu za mbele. Upande wa kulia nilipewa mimi. Nilikuwa Kidato cha Tatu, nina nguvu na sina subira. Nilidhani kukaza sana ndiko kufanya kazi vizuri, basi nikaining'inia spana kwa mwili wangu wote. Sikuilegeza tena nati, wala sikupima. Mwalimu alipouliza kama kazi imekwisha, nilijibu imekwisha. Ajali ilipotokea nilijua, nikanyamaza. Mtu mzima alikatwa mshahara kwa kosa langu, nami nikafanya mitihani yangu nikaondoka.

Mwaka 1991 nilifunga safari mpaka kijijini kwake. Nilimwambia, "Shikamoo, Mzee." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu." Nilimweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwamba alijua tangu siku ile alipoziona rola zimekuwa samawati. Alijua ni mtoto wa shule, hakutaka kujua ni yupi. Akaongeza kwamba yeye naye alikuwa na kosa, maana kanuni ya dereva ni kusimama baada ya maili chache na kuigusa habu iliyotoka kufunguliwa, na siku ile hakusimama kwa sababu jua lilikuwa linakuchwa. Nilimpa fedha za mshahara ule, kadiri nilivyoweza kuhesabu. Alizipokea, akamtuma mjukuu wake akanunue sukari ya chai.

Vijana mliopo shuleni, nakuombeni mambo machache. Mkisikia gurudumu la mbele likinguruma, na mlio ukibadilika gari likikata kona, msiongeze sauti ya redio. Inueni gurudumu kwa jeki, mlishike juu na chini mlitikise. Likicheza, mwenzenu akanyage breki. Mchezo ukitoweka, tatizo ni beringi. Baada ya safari fupi sogezeni nyuma ya kiganja karibu na habu. Ikiwa ya moto kuliko ya upande wa pili, msiendelee na safari. Na mwalimu akiwauliza kama mmepima, na hamjapima, semeni hamjapima.

Wenzangu wa mwaka 1978, tutaonana siku ya mkutano. Sasa mnajua kwa nini uji ulikuwa mwepesi.