MABIBI KUMI NA SITA NA CHAMA CHAO CHA DARIZI

Kila aivaaye kofia ya vito siku ya Idi husifiwa kwa kofia yake, lakini ni nadra kuulizwa ni nani aliyeishona. Huenda mshonaji alikaa nayo miezi, na jina lake lisivuke mtaa wake. Kwa ajili hiyo tumeona vema kuwasimulia wasomaji wetu habari za mabibi wa Uingereza waliotaka kazi ya sindano ipewe haki yake.

Mwaka 1872, katika mji wa London, Lady Victoria Welby alianzisha shule ya darizi. Makusudi yake yalikuwa mawili: kuihuisha kazi ya mkono iliyokuwa ikififia, na kuwapatia riziki ya heshima wanawake waliolelewa vizuri lakini wasiokuwa na mali. Alianza na mabibi 20 tu. Na mwaka 1875 Malkia Victoria akawa mlezi wa shule hiyo.

Lakini shule ina mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea. Ahitimuye hutoka na ujuzi wake, na ujuzi wa mtu mmoja ni kama kaa la moto lililotengwa na wenziwe: halikawii kuzimika. Basi mwaka 1906 mabibi 16 waliosoma katika shule hiyo walikutana wakaunda chama, nacho ndicho kilichojulikana kwa jina la Embroiderers' Guild. Nia yao ilikuwa kuilinda kazi isishuke daraja, na kuifanya itazamwe kuwa sanaa, si kipitisha wakati.

Mwaka 1920 Louisa Pesel, mzaliwa wa Bradford, alikuwa rais wa kwanza wa chama hicho. Bibi huyu alikuwa amekwisha kuongoza shule ya darizi na kimia mjini Athens, huko Ugiriki. Alikusanya darizi za nchi nyingi, Uturuki ikiwamo, na mwaka 1913 akatoa maandishi juu ya mishono ya Mashariki. Tena, wakati wa Vita Kuu ya kwanza, aliwafundisha kudarizi askari waliorudi Bradford wakiwa wametikisika nyoyo kwa vishindo vya mizinga. Hivyo sindano, iliyodhaniwa kuwa ya ndani tu, iliwafaa hata wanaume waliotoka vitani.

Ndugu zetu, watu 16 si wengi. Hawaujazi hata ukumbi mdogo. Walichokuwa nacho ni kujuana na kukubaliana. Nasi tunao mabibi na wazee wajuao vito vya kofia, na kila anayefariki bila kufundisha huenda na mishono yake kaburini. Basi tuwaulize majina yao tukayaandike, tuwalipe ujira uwastahilio, na tuwapeleke watoto wetu wakakae karibu nao wangali hai.