Kitinda Mimba na Kihamba: Nani Alikaa na Mzee Uchagani

Kwa Wachagga wa miteremko ya Kilimanjaro, swali la nani atamtunza mzee akianza kusahau lilijibiwa kabla hajaota mvi. Jibu lilikuwa mtoto wa kiume wa mwisho.

Mila ya urithi ndiyo iliyoamua. Kifungua mimba alipewa kihamba chake, yaani shamba la nyumbani la ukoo, alipooa. Wa katikati mara nyingi walijitafutia ardhi kwingine. Kitinda mimba alibaki nyumbani kwa wazazi, penye migomba, kahawa, zizi na makaburi ya ukoo. Alirithi nyumba, na pamoja na nyumba akawarithi wazee wenyewe. Kazi yenyewe, hata hivyo, iliangukia zaidi mikononi mwa mkewe. Ndiye aliyeponda ndizi za mtori zikalainika hata kwa asiye na meno. Ndiye aliyeamka usiku wa manane baba mkwe alipotoka nje kulisha ng'ombe waliouzwa miaka mingi iliyopita.

Mzee hakuhama. Alihamiwa.

Na kihamba chenyewe kilisaidia kulea. Mpaka ulipandwa masale, mfereji wa maji ulipita pale pale ulipopita tangu utoto wake, na jirani wa ng'ambo alikuwa wa ukoo. Aliyesahau jina la mjukuu bado aliweza kuambaa na mfereji hadi kwa nduguye, akakaribishwa, kisha akashikwa mkono na kurudishwa kwake. Watu hawakuuita usahaulifu huo ugonjwa. Walisema ni uzee tu, au amerudia utoto.

Kilicholegeza mpango huu ni kahawa, zao lile lile lililokipa kihamba thamani. Wamisionari Wakatoliki waliipanda Kilema mwishoni mwa karne ya 19, na mwaka 1933 wakulima wakaunda chama kikuu cha ushirika, KNCU. Fedha ya kahawa ikasomesha watoto, na shule zikatoa walimu, makarani na wafanyabiashara ambao kazi zao hazikuwa mlimani. Huku nyuma vihamba viligawanywa kizazi hadi kizazi, mpaka vingine havikugawika tena. Mwishowe kitinda mimba naye akapanda basi la Dar es Salaam.

Serikali ina makazi ya wazee Njoro, mjini Moshi, lakini makazi ya aina hii hayakuanzishwa kwa ajili ya mzee ambaye watoto wake wamehamia mjini. Baadhi yake nchini yalianza kama kambi za wagonjwa wa ukoma. Hupokea wasiojiweza na wasio na ndugu wa kuwatunza, kupitia maofisa ustawi wa jamii. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 iliiweka familia mbele na makazi kuwa hatua ya mwisho. Mama mwenye watoto watano mjini, hata akiwa hawatambui tena, kwa kipimo hicho ana familia.

Ukubwa wa usahaulifu huu wa uzeeni ulionekana wilayani Hai, huko huko Uchagani, mwaka 2009 na 2010, watafiti walipowapima wazee 1,198 wa miaka 70 na zaidi katika vijiji sita. Walikadiria kwamba asilimia 6.4 walikuwa na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Baadaye Hai ikajaribu tiba iliyobuniwa Uingereza na kurekebishwa kwa mazingira ya hapa: vipindi 14 ambamo wazee hukutana kwa vikundi, wakazungumza, wakacheza na kukumbushana mambo ya zamani. Tiba hiyo haikumtaka mzee ahame kwake.

Kila Desemba barabara ya kwenda Moshi hujaa magari ya wanaorudi nyumbani, na katika nyumba nyingi kikao cha familia hufanyika baada ya Krismasi. Huzungumzwa nani atatuma fedha, nani atampeleka mzee hospitali ya KCMC, na kama ahamishiwe mjini kwa binti yake. Januari magari hushuka mlima, na mara nyingi anayebaki na mzee ni msichana wa kazi, ambaye mila ya kihamba haimpi urithi wowote.