Nguzo ya kwanza: historia ya watetezi wa haki wasiolipwa Rusinga na Homa Bay

Katika desturi ya Waluo, mwanamke hasimamishi nyumba mpya peke yake. Nguzo ya kwanza huchimbiwa na mume. Mume akifa, kazi hiyo humwangukia mwanamume atakayemrithi mjane. Mjane asiyerithiwa hubaki katika nyumba aliyoachiwa na marehemu, ivuje isivuje. Paa likioza hathubutu kuliezeka upya, na hata fundi atasitasita kupanda juu kwa kuhofia chira, laana inayosemekana kumwandama anayevunja mwiko.

Mgeni akisikia hayo atadhani ni habari ya paa. Kwa mjane wa Rusinga, Mfangano au Gwassi, ni habari ya ardhi. Nyumba ikianguka, hana tena pa kusimama katika boma la mumewe, na shemeji anayelitamani shamba hana haja ya kumfukuza: anaweza kungoja mvua za masika zimfanyie kazi hiyo.

Hapo ndipo historia ya haki za binadamu katika visiwa na fuo za Homa Bay inapoanzia. Sheria zilitungwa Nairobi, tume zikaundwa Nairobi, lakini waliozifikisha hadi kwenye boma la mjane ni watu wasio na mshahara wala cheo: wajane wenzake, wasaidizi wa kisheria wa vijijini na, jambo ambalo wengi hawakulitarajia, wazee walewale waliokuwa wakiilinda mila.

Ukoo ulipoingia kwenye hati

Rusinga ni kisiwa cha Ziwa Victoria chenye urefu wa kilomita zipatazo 16 na upana wa kilomita 5 hivi, kilichotenganishwa na mji wa Mbita na mlango mwembamba wa maji. Katika miaka ya 1980 mlango huo ulijazwa mawe na udongo ili magari yavuke. Baadaye likajengwa daraja ili maji ya ziwa yapate kupita tena. Wenyeji wake ni Abasuba, Wabantu ambao mababu zao walivuka kutoka upande wa Uganda. Kwa vizazi vya kuoana na kufanya biashara na Waluo, lugha yao ya Olusuba ilimezwa na Dholuo, na taratibu nyingi za ndoa na maziko zikafuata mkondo huohuo. Jamii iliyoweza kubadili hata lugha ya nyumbani haiwezi kudai kwamba desturi zake hazigusiki.

Kurithi wajane hakukuanza kama uonevu. Ilikuwa bima ya ukoo: mjane na wanawe walipata mlinzi, watoto walibaki na jina la baba yao, na shamba halikutoka mikononi mwa jamaa. Mrithi aliyetumia vibaya nafasi yake aliweza kuitwa mbele ya wazee. Mwaka 1938 Paul Mboya, chifu wa Karachuonyo, alichapisha kitabu *Luo Kitgi gi Timbegi* kuhusu mila na desturi za Waluo, na mambo yaliyokuwa yakijadiliwa barazani kwa kadiri ya tukio yakapata maandishi ya kunukuliwa.

Mabadiliko makubwa zaidi yaliletwa na hati miliki. Chini ya Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa ya 1963 na Sheria ya Uamuzi wa Ardhi ya 1968, mashamba ya koo yalipimwa na kuandikishwa, na mara nyingi jina lililoandikwa likawa la mwanamume mmoja. Haki ya mjane ya kulima na kuishi, iliyokuwa ikilindwa na ukoo mzima, haikuandikwa mahali popote. Mila ilimpokonya sauti, nayo hati ikampokonya shamba. Tangu hapo shemeji aliweza kuchagua: akitaka mjane atii, alitaja mila, akitaka kuuza, alitoa hati.

Mwana wa Rusinga katika Nairobi ya hali ya hatari

Kazi ya kutetea haki bila cheo ina mfano wa zamani zaidi Rusinga: kisiwa hiki kinajulikana zaidi kwa kaburi la Tom Mboya, kiongozi wa wafanyakazi, lililoko Kasawanga. Mboya huyu alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 huko Kilimambogo, ambako baba yake, mtu wa Rusinga, alifanya kazi katika shamba la mkonge. Alisomea ukaguzi wa afya na kuajiriwa na Halmashauri ya Jiji la Nairobi, akaingia katika vyama vya wafanyakazi, na mwaka 1953 akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama hivyo.

Ulikuwa wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni. Chama cha siasa cha Waafrika, KAU, kilikuwa kimepigwa marufuku na viongozi wake wamefungwa. Aprili 1954 Waingereza waliendesha Operesheni Anvil jijini Nairobi, wakakamata maelfu kwa maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru na kuwapeleka kizuizini au kuwarudisha kwa nguvu mashambani. Shirikisho la wafanyakazi, lililoundwa kudai mishahara na saa za kazi, likajikuta ndilo sauti ya kitaifa ya Waafrika iliyosalia, likipinga kukamatwa kwa watu bila mashtaka na familia kufukuzwa majumbani. Mboya hakuwa na tume wala wadhifa wa kutetea haki za binadamu. Aliuawa kwa risasi Nairobi tarehe 5 Julai 1969.

Mtindo huo, wa watu walioko karibu na tatizo kuibeba kazi kabla serikali haijaipa jina, uliendelea baada ya uhuru. Mwaka 1985, baada ya mkutano wa Umoja wa Mataifa wa wanawake uliofanyika Nairobi, mawakili wanawake waliunda FIDA-Kenya, wakaanza kuwasaidia bure wanawake wasio na uwezo wa kulipa wakili, na baadaye wakafungua ofisi Kisumu. Mwaka 1992 Makau Mutua, Maina Kiai, Willy Mutunga na wenzao walianzisha Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya, ambayo licha ya jina lake haikuwa chombo cha serikali. Serikali ilifuata polepole: mwaka 1996 Rais Daniel arap Moi aliunda kamati ya kudumu ya haki za binadamu, mwaka 2002 Bunge likapitisha sheria ya kuunda tume ya taifa, na mwaka uliofuata tume hiyo ikaanza kazi, Kiai akiwa mwenyekiti wake.

Mahakama ilipotoa neno lake

Kwa wajane wa mkoa wa Nyanza, hata hivyo, kesi iliyokumbukwa ni ya maziko. Wakili S. M. Otieno alifariki tarehe 20 Desemba 1986. Mjane wake, Wambui Otieno, alitaka kumzika karibu na Nairobi. Ukoo wa marehemu, Umira Kager, ukataka azikwe Nyalgunga, Siaya. Nchi nzima iliifuata kesi hiyo magazetini kwa miezi. Mei 1987 Mahakama ya Rufani iliupa ukoo ushindi, na Otieno akazikwa siku 154 baada ya kufa.

Ujumbe uliofika vijijini ulikuwa mwepesi kueleweka: ikiwa mke wa wakili, mwanamke wa mjini mwenye elimu na mawakili hodari, ameshindwa na ukoo, mke wa mvuvi atafua dafu wapi?

Ajabu ni kwamba sheria ya kumlinda mjane ilikwishakuwepo. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika Julai 1981, inampa mjane haki ya kuishi na kutumia mali ya marehemu mumewe. Kifungu cha 45 kinasema kwamba anayejichukulia mali ya marehemu bila idhini ya sheria anatenda kosa, na anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 10,000, kufungwa hadi mwaka mmoja, au vyote viwili. Lakini ili sheria hiyo imfae, mjane alihitaji cheti cha kifo, barua ya chifu inayotaja warithi, ada za mahakama, tangazo katika gazeti rasmi la serikali, na nauli ya safari nyingi. Kwa miaka mingi Mahakama Kuu iliyokuwa karibu ilikuwa Kisumu au Kisii. Na barua ya chifu yenyewe ilitoka katika ofisi ambayo shemeji naye alijua mlango wake.

Ukimwi ulivyobadilisha mjadala

Kisha likaja janga. Ukimwi uligunduliwa Kenya mwaka 1984, na Novemba 1999 Moi aliutangaza kuwa janga la kitaifa. Fuo za Ziwa Victoria ziliumia kuliko sehemu nyingine: vijana wa mitumbwi walikufa wakaacha wajane wenye umri wa miaka 20 na kitu. Hata baada ya dawa kupatikana bure, utafiti wa kitaifa wa 2018 ulikuta maambukizi Homa Bay yakiwa asilimia 19.6 ya watu wazima, ilhali wastani wa nchi ulikuwa asilimia 4.9.

Mila ya kurithi ilipogongana na ugonjwa huu, sura yake ya ulinzi ilififia. Mashemeji waliohofia kufa walikataa kurithi, lakini hawakukataa shamba. Wengine walimlazimisha mjane kutakaswa kwa kulala na mwanamume wa kukodiwa, aliyelipwa na kwenda zake, akiacha virusi au akiondoka navyo. Mjane aliyekataa alishtakiwa kwa kumuua mumewe na kuuleta msiba nyumbani. Machi 2003 shirika la Human Rights Watch lilichapisha ripoti juu ya wanawake wa Kenya wanaonyang'anywa mali, na habari za wajane wa Nyanza zilijaa ndani yake.

Mwaka 2009 KELIN, shirika la wanasheria wanaoshughulikia haki za watu walioathiriwa na ukimwi, lilianza mradi Homa Bay na Kisumu kwa njia ambayo baadhi ya wanaharakati waliiona ya hatari: kuwaendea wazee. Wazee wa Kiluo na wajane walifundishwa pamoja sheria ya urithi, haki za binadamu na usuluhishi, kisha wakarudi vijijini kusikiliza kesi. Hoja ilikuwa kwamba chira inayotajwa na mzee inaweza kuondolewa na mzee. Hakimu wa Homa Bay anaweza kuamuru shamba lirudishwe, lakini hawezi kumhakikishia fundi kwamba hatadhurika akipanda juu ya paa.

Kesi ya namna hii huanzia kwa mjane mwenzake, anayeaminika kuliko ofisi. Yeye humpelekea habari jaduong' (mzee) mmoja au wawili, nao huita pande zote mbili nyumbani kwa marehemu. Huko watu hawaketi tu. Huzunguka shamba, wakifuata mistari ya mkonge na minyaa inayoonyesha mipaka, na majirani waliokuwepo mipaka ilipowekwa hueleza wanachokumbuka. Maafikiano huandikwa, mashahidi hutia sahihi au dole gumba, na chifu hupewa taarifa. Katika baadhi ya kesi mradi ulisaidia kujenga nyumba ya mjane, na nyumba iliyosimamishwa hadharani mbele ya wazee, bila mwanamume wa kumrithi mwenye nyumba, iliwaonyesha majirani yale ambayo warsha nyingi zingeshindwa kuyaeleza.

Katiba yawafuata wazee

Katiba ya Agosti 2010 iliipa kazi hii mgongo wa kuegemea. Ibara ya 159 inazitaka mahakama zihimize njia za jadi za kutatua migogoro, mradi zisikiuke Sheria ya Haki. Ibara ya 60 inaagiza ubaguzi wa kijinsia uondolewe katika sheria, mila na desturi zinazohusu ardhi. Sheria ya 2015 ya kulinda watu dhidi ya ukatili wa nyumbani ikataja waziwazi kumrithi mwanamke kwa nguvu na kutakasa wajane kuwa ukatili. Mwaka 2016 Sheria ya Msaada wa Kisheria iliwatambua wasaidizi wa kisheria, na Jaji Mkuu Willy Mutunga, yuleyule wa 1992, akaunda jopo la kuchunguza mifumo mbadala ya haki. Sera iliyotokana nalo, jopo likiongozwa na Jaji Joel Ngugi, ilizinduliwa Agosti 2020.

Wapo wanaoonya kwamba kumrudishia mzee mamlaka ni kumrudishia fimbo. Hofu hiyo ina msingi. Wazee wengi ni wanaume, baadhi yao ni jamaa wa shemeji, na usuluhishi unaweza kumshinikiza mjane akubali nusu ya haki yake ili amani ipatikane. Ndiyo sababu wajane kuwemo miongoni mwa wasuluhishi si pambo, na ndiyo sababu mlango wa mahakama lazima ubaki wazi kwa asiyeridhika. Mzee asiyejua kifungu cha 45 ni mzee wa zamani tu mwenye daftari jipya.

Udhaifu mkubwa zaidi, hata hivyo, uko nje ya baraza. Wazee wakishasuluhisha, hati ya shamba bado ina jina la marehemu, au la baba yake aliyekufa kabla yake. Karatasi yenye dole gumba haibadilishi daftari la msajili wa ardhi. Ili jina libadilike, mjane anarudi palepale: cheti, barua, ada, tangazo, kungoja. Wengi huishia njiani wakitosheka kwamba wamerudi nyumbani. Mashahidi waliozunguka mipaka watakufa, shemeji atarithiwa na wanawe, na mtoto wa shemeji hafungwi na ahadi ambayo hakuisikia.

Watu wa kujitolea wamefanya sehemu iliyoonekana ngumu kuliko zote, ya kuwashawishi wenye mila waigeuze. Sehemu iliyobaki haihitaji ushujaa. Inahitaji ada za mirathi ndogo zifutwe kwa wasio na uwezo, maafikiano ya wazee yaliyopitiwa na hakimu yapokewe na msajili wa ardhi bila kesi kuanza upya, na nauli ya mzee anayevuka kutoka kisiwani kwenda kutoa ushahidi ilipwe na serikali inayojivunia sera yake. Hayo yasipofanyika, kila kizazi cha wajane wa Homa Bay kitalazimika kutafuta wazee wake wa kujitolea, na kuanza tena na nguzo ya kwanza.